Jogoo Aliyechinjwa Mapema

Pale Buyangu, mtu akiharakisha jambo kabla ya wakati wake, kwa mfano akiezeka nyumba ambayo kuta zake bado mbichi, majirani humwambia, "Wewe nawe umechinja jogoo wa Nafula." Kisha hucheka, na Nafula mwenyewe akiwa karibu huwashinda wote kwa kicheko. Maneno hayo hayamwumi hata kidogo. Mtu akishalishukuru kosa lake, nani tena ataweza kumchoma nalo?

Nafula alizaliwa ukingoni mwa msitu wa Kakamega, upande wa kaskazini, mahali ambapo mahindi yanakoma ghafla kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi na miti mikubwa inaanza. Jina lake alilipata kwa sababu alikuja duniani siku ya mvua. Mama yake alikuwa akimbeba mgongoni kuingia msituni kutafuta kuni, na mtoto alipojua kutembea akaanza kumwonyesha: huu ni mukomari, ule ni musine, gome la huu latuliza kikohozi, ule pale usiuguse hata kwa utani. Walichimba mukombero, ule mzizi wa kutafuna wenye harufu tamu, wakarudi nyumbani vinywa vikinukia. Nafula alikua akidhani msitu ni chumba kimojawapo cha nyumba yao, ila tu hakina paa la nyasi.

Halafu msitu ukawekwa chini ya ulinzi. Sababu ilikuwa njema, na Nafula alikuja kuikubali baadaye, maana miti ilikuwa inaisha kwa makaa na mbao, na mto Isiukhu ulikuwa umeanza kukonda. Lakini lango lilipowekwa, mama yake alikuwa ameshazeeka, na sababu njema haimfariji mzee aliyenyimwa njia yake. Alikaa mlangoni pake akiitazama ile miti kama mtu anayetazama boma la ndugu aliyemnunia bila kumwambia kosa. Akafariki bila kuikanyaga tena njia ya mtoni. Hilo lilimkaa Nafula kifuani kama mfupa wa samaki.

Wakati huo alikuwa ameolewa na Elkanah, mkataji miwa, mtu wa masihara ambaye angeweza kumchekesha hata karani wa mizani. Miwa ilimlisha Elkanah miaka mingi, kisha ikamdai mgongo wake. Siku moja aliinama kukata shina na kuinuka akakataa, yaani mwili ulikataa, si yeye. Tangu hapo akawa mtu wa kukaa jikoni na kulinda moto, jambo ambalo wanaume wenzake walimtania nalo, naye aliwajibu kwamba moto wa jikoni haujawahi kumfokea kama yule nyapara wa shambani.

Basi mwanzoni mwa miaka ya tisini, ofisi ya hifadhi ikajenga mabanda ya wageni, vile vijumba vya mviringo vya kuezekwa kwa nyasi, ndani kabisa ya msitu, wakatafuta wanawake wa kufagia, kuteka maji na kutandika vitanda. Nafula akawa mmoja wao. Wenzake walishukuru mshahara. Yeye pia aliushukuru, lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu ila Elkanah. Asubuhi ya kwanza, akiwa na ufagio begani, askari alimfungulia lango akamsalimu kwa jina. Nafula akashuka ile njia ya mtoni hadi kwenye jiwe ambalo mama yake alikuwa akitua mzigo wa kuni. Akaweka kiganja juu ya lile jiwe na kusema polepole kwamba amerudi, na safari hii ameingilia mlangoni.

Wageni mwanzoni walimshangaza. Hakuelewa mtu mwenye nyumba yake, na pengine yenye umeme, anaiachaje aje alale chini ya nyasi kusikiliza ndege. Walikuwa wakiamka gizani, wakavaa viatu vizito na kupanda kilima cha Buyangu ili walione jua likitoka, kana kwamba kwao huwa halitoki. Wakirudi, walikunywa chai, wakafuata kijito hadi kwenye maporomoko, wakasimama pale wakirushiwa manyunyu usoni na kutabasamu. Waliweza kumtazama mbega mmoja kwa muda ambao Nafula angemaliza kupalilia mistari kadhaa ya maharagwe. Lakini siku moja mgeni mmoja wa kike alimwomba amtajie majina ya miti, kwa lugha ya nyumbani, na alipokuwa akimtajia, Nafula alijisikia sauti yake ikigeuka sauti ya mama yake. Kuanzia siku hiyo hakuwacheka tena wageni. Aliwaonea huruma kwamba walikuwa na siku chache tu, na yeye alikuwa na zote.

Taabu ilikuja na maneno ya Kipkemboi, ofisa aliyesimamia mabanda. Alikuwa kijana mpole kutoka upande wa milima ya Nandi, asiyejua kuzungusha habari mbaya. Aliwaita wanawake wa usafi chini ya kibaraza cha ofisi akawaambia kwamba wakubwa wanafikiria kuyafunga mabanda. Wageni ni wachache, na wanaokuja hulala usiku mmoja wakaondoka. Wameona nyani, wameona kilima, wameona maji yakianguka, basi, wanauliza kuna nini tena, na hakuna anayejua la kuwajibu. Mabanda yakifungwa, lango lingebaki la askari peke yao.

Nafula alisikiliza akiwa ameushika ufagio wake kwa mikono miwili. Wengine waliwaza chumvi na karo. Yeye aliwaza lile jiwe la njiani. Kufukuzwa msituni mara moja ni bahati mbaya, lakini mara mbili? Hapo alihisi hatapona.

Kipkemboi akaongeza kwamba kuna tumaini moja. Jumamosi ile angekuja mfanyabiashara wa Mumias na mkewe, wakimleta mama yake mzee. Mama huyo alikuwa mkuu wa chama kikubwa cha kina mama, na chama hicho kilikuwa kinatafuta mahali pa kutembelea mwezi wa Agosti, basi zima la watu. Akipapenda, watakuja. Na wakubwa wakiona basi zima, watanyamaza. Tatizo ni kwamba mama huyo alifiwa na mume, na ingawa matanga yalikuwa yamekwisha zamani, alikuwa bado hacheki, na chakula anakigusagusa tu. Mwanawe alikuwa anamleta ili abadilishe hewa.

Kwa hiyo mambo yote yalikuwa yameegemea tumbo na moyo wa bibi mmoja. Nafula alimwomba Kipkemboi ruhusa: wageni hao waje kula nyumbani kwake, ni hatua chache tu kutoka langoni. Kama hakuna mtu anayejua kuna nini tena Buyangu, yeye anajua angalau kitu kimoja. Kuna watu. Kipkemboi alikuna kidevu, akasema haijawahi kufanyika, kisha akasema basi ifanyike.

Elkanah alipoambiwa, aliuliza swali moja tu, nalo lilihusu jogoo. Walikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye kiburi cha chifu, ambaye Elkanah alimpenda kwa sababu alimwamsha bila kumtikisa mgongo. Nafula akamwambia ndiye huyo huyo. Elkanah akashusha pumzi, akasema kweli mgeni ni baraka, lakini mbona baraka hazijifunzi kula mboga.

Sasa hapa ndipo Nafula alipoteleza. Mama yake alikuwa amemwachia sheria isiyo na mjadala: jogoo wa mgeni huchinjwa mgeni akiwa ameshaketi. Asikie kelele zake, ajue amekaribishwa, na kama ana neno, kama kuna mwiko wa ukoo au dawa anayotumia, alitoe kabla kisu hakijatoka. Nafula aliijua sheria hiyo kama ajuavyo jina lake. Lakini aliwaza: hawa ni watu wa mjini, mama mzee amechoka na safari, nitamketisha na njaa mpaka ingokho, yaani kuku, apitishwe motoni, aningʼinizwe juu ya moshi, halafu apikwe taratibu hadi mchuzi uwe mzito? Hapana. Alfajiri ya Jumamosi, kabla ya kwenda kazini, akamchinja jogoo, akampitisha motoni, akamtundika juu ya moshi na kumwachia Elkanah ulinzi.

Wageni walifika jua likiwa limeshapanda, kwa pikapu iliyojaa matope ya barabara. Usiku wa kuamkia siku hiyo kulikuwa kumenyesha na kunguruma. Nafula alikuwa anatoka kuteka maji. Akamwona mwanamume akishuka, kofia ya kufuma kichwani, mwembamba, uso wa upole. Huyo alikuwa Ismael. Akamwona mkewe, Swafia, akizunguka kufungua mlango wa upande wa pili. Kisha akashuka bibi aliyevaa buibui, akashika mlango wa gari kwanza ili magoti yakubali, akageuka na kumsalimu, "Salamu aleikum." Alipoona Nafula amesimama kama gogo, akampa salamu ya nyumbani, "Mulembe, mwana wange."

"Mulembe, kukhu," Nafula akajibu, akimwita bibi, na maji yakamwagikia miguu yake.

Huyo ndiye mama mwenyewe, Umi. Na macho ya Nafula hayakuwa yakimwona Umi. Yalikuwa yanamwona jogoo aliyening'inia juu ya moshi, amechinjwa na mama Mkristo kwa kisu cha sukuma wiki, bila dua, bila mchinjaji, bila kitu chochote ambacho mama huyu angehitaji ili aweze kumla. Kipkemboi alisema tu mfanyabiashara wa Mumias, na Nafula akafikiria watu wa miwa. Huko Mumias kwenyewe, hata Mkristo akiwa na mgeni Mwislamu humwita jirani wa dini hiyo aje achinje. Ni jambo ambalo hata watoto wanalijua. Lakini Buyangu ni mbali na msikiti, na mtu husahau asichokiona.

Alipopata nafasi alikwenda nyumbani karibu kwa kukimbia. Elkanah alikuwa jikoni, anamgeuza jogoo upande wa pili kwa heshima zote.

"Baba Were," akamwita mumewe, "wageni ni Waislamu."

Elkanah alimtazama mkewe, akamtazama jogoo. "Na huyu alikuwa wa kanisa gani?" akauliza. "Maana Jumapili sikuwahi kumwona."

Nafula hakucheka. Alikaa juu ya kigoda akaziba uso kwa leso. Elkanah, akiona utani haukushika, akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama, kwamba nyama ikishaiva haina alama, na kama hakuna atakayesema, wao hawatajua.

"Mimi nitajua," Nafula akasema. "Na nitakuwa nimekaa nikimwangalia akila."

Elkanah akasukuma kuni motoni. Kisha akamwambia kwa upole kwamba yeye mwenyewe amesema neno la kijinga, na kwamba kama mama mkwe angekuwa hai angempiga na mwiko. Ilikuwa njia yake ya kuomba msamaha. Nafula akajifunga leso upya, akarudi kwenye mabanda.

Huko mambo hayakuwa mazuri. Onesmus, mwongozaji wa wageni, alikuwa amewachukua Ismael na Swafia kwenda kuona maporomoko. Umi alikuwa amebaki kwenye kiti mbele ya banda, mikono mapajani. Mbega walikuwa wanaruka juu yake, mikia yao myeupe ikipeperuka, naye alikuwa anawatazama kama mtu anayetazama nguo za jirani kwenye kamba. Kipkemboi alimnong'oneza Nafula kwamba Ismael amesema huenda wakarudi jioni ile ile. Mama alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana.

Nafula alikwenda akachuchumaa mbele ya Umi, jinsi mtoto anavyomwendea mkubwa. Akamweleza yote kwa lugha ya nyumbani, maana Kiwanga cha Umi na Kikabrasi chake ni watoto wa tumbo moja. Akamwambia kuhusu sheria ya mama yake na jinsi alivyoivunja. Akamwambia jogoo yuko pale juu ya moshi, na kwamba hataruhusu apelekwe mezani. Akamwambia anaona aibu, maana nyumbani kwao mgeni hajawahi kuondoka bila kula.

Umi akauliza, "Ulimchinja lini?"

"Alfajiri, kukhu."

"Ulikuwa unanijua?"

"La. Nilijua tu kuna mgeni."

Mabega ya Umi yakaanza kutikisika. Nafula alifikiri analia, akanyoosha mkono amshike, kisha akaona ni kicheko, kile cha watu wazima ambacho huanzia tumboni na kuchelewa kufika mdomoni. Mama huyo alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya buibui, na mbega mmoja akaacha kula majani akachungulia chini.

"Tangu mume wangu afe," Umi akasema, "watu wananipikia kwa sababu wananihurumia. Ndiyo maana hakipiti hapa," akagusa koo. "Wewe umenipikia kwa sababu ninakuja. Basi." Akajikusanya na kuinuka, akishika bega la Nafula. "Twende kwako. Una nini ambacho hakikuhitaji kisu?"

Walitembea polepole, wakipumzika Umi alipotaka. Njiani Nafula alikuwa anahesabu kichwani: obusuma, ugali wa nyumbani, upo, mrenda upo, viazi vitamu vipo, maziwa yapo. Vyote vya kila siku. Aibu ikaanza kumrudia, mgeni mkubwa kulishwa vya kila siku. Wakakatiza shambani, na pale kwenye kichuguu cha mchwa kilichoachwa katikati ya mahindi, Umi akasimama ghafla.

Zile ngurumo za usiku zilikuwa zimefanya kazi yao. Uyoga ulikuwa umefumuka chini ya kichuguu, mweupe, mnono, mwingine mpana kama kifuniko cha sufuria. Asubuhi Nafula alikuwa amepita upande mwingine kwa haraka ya jogoo, hakuuona. Akainua mkono amwonyeshe mgeni, kisha akaukunja upesi.

"Usiusonte kidole," wakasema wote wawili kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha ya kwao, "utajificha."

Wakatazamana. Umi akavua viatu. Akapiga magoti kwenye udongo wenye maji, yale magoti ambayo asubuhi yalibembelezwa kushuka kwenye gari, akaanza kuung'oa uyoga kwa kuuzungusha taratibu kutoka chini, kama inavyotakiwa, ili uliobaki usikasirike. Akazungumza bila kuulizwa. Alikulia Matungu, bibi yake akimwamsha kila baada ya ngurumo waende kwenye vichuguu. Baadaye miwa ikaja, trekta zikavisawazisha vichuguu vyote, na mtu wa kwao leo akitaka uyoga anautafuta sokoni umekauka. Hakuwa ameung'oa kwa mkono wake tangu alipokuwa msichana. Mume wake, alisema, aliupenda kuliko nyama, na kila msimu wa mvua alikuwa akilalamika kwamba sukari imeula uyoga. Alisema hivyo akitabasamu, na Nafula akaelewa kwamba labda ni mara ya kwanza jina la mzee huyo kupita midomoni mwa mama huyu bila machozi kulifuata.

Nafula alikuwa na chungu kipya kilichonunuliwa sokoni, hakijawahi kuonja moto wala nyama. Kikaoshwa mara nyingi, na Umi akakiosha tena. Elkanah alimwondoa jogoo jikoni akampeleka nyumba ya nyuma kimya kimya, kama mtu anayemwongoza mlevi kutoka harusini. Uyoga ukapikwa kwa krimu ya maziwa na chumvi ya majivu. Hapo ndipo kulipozuka ubishi, Umi akisema chumvi ya majivu hutiwa mwisho, Nafula akisema hutiwa mapema, na Elkanah akisema kwamba kama yeye angekuwa uyoga angekimbia.

Ismael na Swafia waliporudi kutoka maporomoko, wamelowa na wamefurahi, waliambiwa mama yuko kwa Nafula. Ismael akaja mbio akidhani ameugua. Akasimama mlangoni mwa jiko. Mama yake alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu mitupu, masizi shavuni, bakuli mkononi, anamwambia Nafula amwongeze. Ismael alishika mwimo wa mlango. Swafia ndiye aliyemgusa mgongoni akamwambia aingie, anazuia mwanga.

Walikula wote. Kabla ya hapo Ismael aliomba mahali pa kuswali, na Elkanah akamtandikia mkeka safi uani, akamfukuza mbuzi, akauliza kaskazini inahitajika kiasi gani ili asimkosee. Wakacheka. Umi alisisitiza kwamba wenye nyumba wasimnyime jogoo heshima yake, wamle palepale, kila mmoja na chungu chake. Akamwambia Elkanah firigisi ni haki ya baba mwenye mji, na macho ya mgeni yasimtie aibu. Elkanah aliipokea kwa mikono miwili. Alisema alikuwa ameshajiandaa moyoni kumwachia Ismael firigisi hiyo, na kwamba katika maisha yake hajawahi kupokea wageni wa maana kama hawa, waje kila wiki.

Hawakuondoka jioni ile. Wala hawakuondoka kesho yake asubuhi, kwa sababu Umi alitaka kupanda kilima. Alipanda na fimbo ya Elkanah, Nafula upande mmoja, Swafia upande wa pili, Onesmus mbele akiondoa matawi. Walipofika juu jua lilikuwa limewatangulia. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni kama maziwa ndani ya kibuyu, vilele vya miti vikitokeza hapa na pale, na ng'ambo ukuta wa Nandi ulikuwa unageuka kutoka bluu kuwa kijani. Hondohondo walivuka bonde, mabawa yao yakivuma. Umi alisema alhamdulillahi. Nafula alimwonyesha mahali mto unapopita, na mahali lilipo jiwe la mama yake, ingawa kutoka kule juu palikuwa majani matupu. Umi hakuuliza jiwe gani. Aliitikia tu, kama mtu aliyeonyeshwa kaburi.

Wakati wa kuondoka, Nafula aliwasindikiza hadi langoni na akapita lango, maana mgeni haachwi mlangoni. Aliwafungia uyoga kwenye majani ya mgomba na mukombero wa kutafuna njiani. Umi aliingia kwenye gari, akateremsha kioo.

"Agosti tunakuja," akasema. "Lakini Nafula, usichinje. Ningoje nimsikie akiwika."

Na kweli walikuja. Kipkemboi alikuwa amewaambia wakubwa, na wakubwa wakasema watangoja waone, kwa sauti ya watu wasioamini. Wakaona basi. Kina mama wa Mumias na Matungu walishuka na vikapu na nyimbo, wakajaza mabanda yote, wengine wakalazwa kwenye nyumba za jirani. Hawakutaka tu kuonyeshwa. Walitaka kuchimba viazi wenyewe, kutwanga, kutajiwa miti, kubishana juu ya chumvi ya majivu. Onesmus aliwapeleka mtoni kwa zamu, na walipopita kwenye lile jiwe, kila aliyekuwa na mzigo aliutua pale, ingawa hakuna aliyewaambia. Hakuna mtu aliyeuliza kuna nini tena. Tangu mwezi huo sikusikia tena habari za kufunga mabanda.

Lakini turudi asubuhi ile, kabla basi halijaonekana. Nafula alikuwa amemfunga jogoo mpya kwa kamba ya katani mguuni, karibu na mlango, palepale ambapo mama yake alikuwa akifunga wa kwake. Kisu kilikuwa kimenolewa na kuoshwa, kinamngoja Ismael. Elkanah alikuwa amevaa koti. Nafula alikuwa amesimama tu, hana kazi mkononi, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake, na moyoni alikuwa anataja shukrani zake moja moja: za mvua, za kichuguu ambacho hakukisawazisha, za mgongo wa Elkanah uliomweka karibu, za askari aliyemfungulia lango, hata za kosa lake mwenyewe.

Jogoo akanyoosha shingo akawika. Kutoka huko njiani, nyuma ya mahindi, kabla hajamwona mtu, Nafula akasikia sauti ya bibi mmoja ikiitikia.

"Nimesikia, mwana wange. Nimesikia."